Siku moja ya majumba ya wafalme na nchi ya kijani: Mengo na Kasubi, Fort Portal, au ngome ya Patiko?

Binamu yangu wa Mombasa alinitumia sauti ya WhatsApp, anakuja Uganda na mkewe, watoto wawili na mama mkwe, wana siku moja tu ya kutembea kabla ya harusi ya Jinja, na wanataka "kasri na mashamba", yani waone majumba ya wafalme, waone na nchi ilivyo ya kijani, alafu wawe na mtu wa kuwaelezea njiani. Akamalizia, dada, twende wapi? Nikaanza kumjibu nikaona jibu linakuwa refu, na kwa kweli sio yeye wa kwanza kuniuliza, kila Desemba naulizwa hivyo hivyo, so nimeamua kuandika yote mahali pamoja.

Kwanza kuna kitu kinachowavunja watu moyo wakishafika, bora ukijue mapema. Ukisikia kasri la Uganda usitegemee minara ya mawe kama ile ya kwenye picha za Ulaya. Wafalme wa huku walijenga kwa matete, nyasi na miti, na kwenye ufalme wa Buganda zamani kila mfalme mpya, yani Kabaka, alikuwa anahamia kilima chake, ikulu ya zamani inabaki kaburi la aliyekufa. Ndo maana unakuta vilima vingi vyenye historia nzito na mawe machache. Ngome ya mawe ya kweli tunayo, ile ya Patiko huko Gulu, ila hiyo haikujengwa na mfalme yeyote wa kwetu. Kwa hiyo bila mtu wa kukueleza utaona paa la nyasi na uwanja wa majani, utapiga picha tano na dakika kumi zimeisha. Mi naamini kabisa kwenye hizi safari mwongozaji ndio nusu ya unachokilipia, na nimezipima safari zote tatu nikiwa na hilo kichwani.

Vitu vitano ninavyopima

Barabara: saa ngapi utakaa kwenye gari na saa ngapi utasimama mbele ya kile ulichokifuata. Mi mpaka wangu ni nusu kwa nusu, ikizidi hapo watoto wanalia na wazee migongo inauma.

Jumba lenyewe: kuna nini, na unaruhusiwa kuingia wapi.

Mandhari: je, utaona mashamba, milima, maziwa, ama utaona mabati ya mji.

Mwongozaji: ni wa hapo hapo au umekuja naye toka Kampala, na anaongea lugha gani. Hili la lugha watu wanalisahau. Serikali ilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri lilisema hivyo 2022, lakini geti la ikulu bado utapokelewa kwa Kiingereza au lugha ya hapo, kwa hiyo kama mama mkwe anaelewa Kiswahili tu, sema siku unapopiga simu kupanga, usisubiri ufike.

Miguu na mfuko: kupanda, kushuka, ngazi, matope, na pesa inakoenda. Sehemu nyingi huku zina bei ya mwananchi, ya mtu wa Afrika Mashariki na ya mgeni wa mbali, na tofauti sio ndogo, kwa hiyo kitambulisho kisibaki nyumbani. Ukiambiwa bei ya safari uliza moja kwa moja: viingilio vimo ndani? Lanchi imo? Mafuta ya gari na posho ya dereva vimo? Mtu anakwambia bei nzuri alafu kila geti mnachanga upya.

KAMPALA: MENGO, LUBIRI NA KASUBI

Barabara. Hapa tatizo sio umbali, ni jamu. Toka Mengo mpaka Kasubi ni kilomita chache tu, ila Ijumaa jioni unaweza kuganda pale Nakulabye mpaka ukatamani kushuka utembee. Anza kama saa tatu asubuhi watu wa ofisi wakishaingia, malizeni kabla ya saa kumi. Ukifanya hivyo kati ya safari zote tatu hii ndio inakuachia muda mwingi zaidi wa kusimama na kusikiliza.

Jumba lenyewe. Hapa nitakaa kidogo maana pana mengi. Anzia Bulange, nyumba ya bunge la Buganda, alafu ufuate ile barabara iliyonyooka ya Kabakanjagala mpaka geti la Lubiri, yani ikulu ya Kabaka, pembeni utaona alama za koo za Buganda, mwongozaji mzuri atakuonyesha moja moja, simba, mamba, uyoga, na atakwambia nani haruhusiwi kula nini na nani haruhusiwi kuoana na nani. Katikati ya njia kuna raundabauti yenye geti katikati, nyie wengine mnazunguka, Kabaka peke yake ndio anapita katikati, njia yake haipindi. Watoto wanalipenda sana hilo.

Lubiri yenyewe ilianzishwa na Kabaka Mwanga wa Pili 1885. Nyumba kubwa ya Twekobe unaiangalia kwa nje tu, usiende ukidhani utatembezwa vyumbani. Kinachowabakia watu ni historia ya uwanja wenyewe: tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Milton Obote, kiongozi wa serikali, likiongozwa na Idi Amin lilishambulia hapo, Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye alikuwa amekuwa rais wa kwanza wa Uganda, akatoroka, akafia London 1969. 1967 falme zikafutwa, Lubiri ikageuka kambi ya jeshi, hadi zikarudishwa 1993. Na kule chini ya kilima kuna handaki la zege, lilijengwa enzi za Amin kama ghala la silaha likaishia kuwa gereza, watu wengi walikufa mle, na ukutani bado kuna maandishi ya waliofungwa. Mara ya kwanza nilipopelekwa nilikuwa na shangazi yangu, alisimama mlangoni akakataa kuingia, akasema yeye miaka ile aliiona, haina haja aonyeshwe tena. Tulimwachia kivuli cha mti na maji, sisi tukaingia. Kama una mzee aliyeishi Uganda miaka ya sabini muulize kabla, usimpeleke tu kwa kushtukiza.

Kasubi ni kitu kingine. Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu yake hapo 1882, akazikwa hapo 1884, na baada yake wakazikwa Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili, makabaka wanne. Nyumba kuu inaitwa Muzibu Azaala Mpanga, ndani ya paa kuna pete 52 za matete, moja kwa kila ukoo. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2001, usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ikaungua, na nakumbuka asubuhi yake hata sisi ambao sio Baganda tulikaa kimya kazini, ilikuwa kama msiba wa mji mzima. Iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikatolewa 2023 baada ya kazi ndefu ya kuijenga upya kwa njia ya zamani, kila ukoo na kazi yake, wenye kuezeka wanaezeka, wenye kutengeneza vitambaa vya magome ya mti wa mutuba wanatengeneza. Piga simu kabla ujue siku hiyo wanafungua sehemu gani. Viatu unavua, na akina mama wavae gauni refu au wabebe leso ya kujifunga, suruali itawafanya wasimame nje.

Mandhari. Sitadanganya, ni mji. Lakini vilima vya Kampala vina uzuri wake, na kama mtu anataka kuviona vyote kwa mara moja apande mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala, ngazi zaidi ya 300, pale pale kwenye kilima ambacho Lugard, yule kapteni Mwingereza, alijenga ngome yake mwisho wa 1890. Anayetaka kijani aongeze Naggalabi huko Buddo, njia ya Masaka, ambako makabaka wanasimikwa, pale angalau unapata migomba na hewa. Ziwa la Kabaka, lile ambalo Mwanga aliwachimbisha watu miaka ya 1880, liko karibu na Mengo, ni la kupita na kuangalia sio la kukaa.

Mwongozaji. Upande huu Kampala inashinda kirahisi. Ukishalipa geti la Lubiri unapewa mtu wa hapo, kijana aliyesomea haya mambo, na wengi wanayajibu maswali kwa moyo. Uliza mapema mwenye Kiswahili, wapo.

Miguu na mfuko. Ndio ya bei nafuu kuliko zote, unaweza kwenda kwa boda au taksi za kawaida na usilipe kampuni yoyote. Kutembea kupo ila taratibu, mteremko wa kwenda kwenye handaki ni wa kawaida, mzee mwenye fimbo anaweza.

Inamfaa nani: mwenye siku moja kweli kweli, mwenye wazee, anayependa hadithi kuliko picha. Haimfai anayetafuta ukimya na milima, atarudi na vumbi na honi kichwani.

FORT PORTAL: IKULU YA TOORO NA MAZIWA YA VOLKANO

Barabara. Kama kilomita 300 toka Kampala kupitia Mityana, Mubende na Kyenjojo, lami nzuri, saa nne na nusu mpaka tano ukisimama kula gonja, zile ndizi za kuchoma, njiani. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo zidisha mwenyewe. Mi nilishafanya kosa hilo na watu wa kazini, tulikodi basi dogo na kampuni moja ikatuahidi ikulu, mapango na maziwa matatu, kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tukangoja wachelewaji, tukaondoka saa mbili, tukafika saa saba na kitu, ikulu tuliipata nusu saa, ziwa tuliona moja, tena kwa juu, nyumbani tukaingia saa sita usiku. Mara ya pili nikalala Fort Portal na nikaanza saa moja asubuhi, nikaona kwamba mara ya kwanza sikuwa nimefika. Kwa hiyo nikisema safari ya siku moja ya Fort Portal namaanisha siku moja inayoanzia Fort Portal.

Jumba lenyewe. Ikulu ya Karuzika iko juu ya kilima, ya duara, inaonekana toka karibu kila kona ya mji. Ufalme wa Tooro ulijitenga na ule wa Bunyoro kama 1830, mtoto wa mfalme aitwaye Kaboyo aliamua kubaki na ardhi aliyotumwa kuisimamia. Ikulu ya sasa ni ya miaka ya 1960, falme zilipofutwa ikaachwa ikaharibika na kuporwa, na ikakarabatiwa mwaka 2001 kwa msaada wa Muammar Gaddafi wa Libya. Omukama, yani mfalme, Oyo alizaliwa 1992 na akasimikwa 1995, akiwa hajafika hata umri wa kuanza shule, hiyo hadithi watoto wanaisikiliza midomo wazi. Usitegemee kuzungushwa kila chumba, ni nyumba ya mfalme hiyo, unapata maelezo na unapata kile kilima. Ukiwa na muda kidogo pita makaburi ya Karambi, njia ya Kasese, ni karibu na mji, wamelala wafalme wa Tooro hapo.

Jina la mji lenyewe linatoka kwa Sir Gerald Portal, Mwingereza aliyetumwa Uganda miaka ya 1890, ngome yake imebaki jina tu. Ukimsikia mtu anakwambia anakupeleka kuona "fort" ya Fort Portal muulize ipi.

Mandhari. Hapa hakuna safari nyingine Uganda ya siku moja itakayoifikia, kwangu mimi. Toka Kyenjojo mashamba ya chai yanaanza, kijani kimoja kilichokatwa kama zulia, alafu ukifika na mbingu iko safi asubuhi unaona milima ya Rwenzori, kilele cha Margherita kina mita 5,109 na kina theluji, hapa hapa karibu na ikweta. Asubuhi ndio siri, ikifika saa nne tano wingu linafunga. Kusini mwa mji yako maziwa ya volkano, Nkuruba, Nyabikere, Nyinambuga na mengine mengi, kila moja limekaa kwenye shimo lake kama maji kwenye kibuyu. Nyinambuga ndio lile liko kwenye noti ya elfu ishirini, toa noti yako pale juu ulinganishe, kila mtu anafanya hivyo na sio aibu.

Alafu kuna Amabere ga Nyina Mwiru, yani matiti ya Nyinamwiru, pango dogo linalodondosha maji meupe toka kwenye mawe yaliyoning'inia kama matiti. Wanasimulia kwamba mfalme Bukuku aliambiwa na waganga kwamba mtoto wa binti yake atakuja kumuua, akamkata binti yake Nyinamwiru matiti ili asipate mume, mtoto akazaliwa hata hivyo, ndio Ndahura wa Bachwezi, wale watawala wa hadithi za kale, na pango likamnyonyesha. Ukirudi Kampala simama Mubende uone mti wa Nakayima, mkubwa ajabu, mizizi yake imesimama kama kuta za vyumba, watu bado wanaenda kuomba hapo, na Nakayima kwenye masimulizi ni mke wa huyo huyo Ndahura. Ndo nasema mwongozaji, maana peke yako utaona pango dogo na mti mkubwa, kilomita zaidi ya mia kati yao, na hutajua ni hadithi moja.

Mwongozaji. Tafuta wa hapo, Mtooro, usitegemee dereva wa Kampala. Kitu cha kwanza atakuuliza ni empaako yako, lile jina la heshima na mapenzi ambalo Batooro wanaitana nalo, yako kama kumi na mawili tu, Amooti, Abwooli, Atwooki, Adyeri na kadhalika, Okaali ni la mfalme. Kama huna anakupa. Mi nilipewa Akiiki na mzee mmoja pale maziwani, na kuanzia hapo safari nzima nilikuwa Akiiki, mpaka dereva. Kiswahili kinapatikana kwa shida kidogo kuliko Kampala, panga mapema.

Miguu na mfuko. Ikulu unafika na gari. Pango lina mteremko wenye utelezi, mvua ikinyesha viatu vya harusini viache. Pesa inaenda kwenye kulala usiku mmoja au miwili na gari la kukodi, maana maziwa yametawanyika na boda ya kuyazungukia yote inachosha. Mkiwa watano mkigawana gari inakuwa sawa, ukiwa peke yako inauma.

Inamfaa nani: wenye macho ya kamera, wapenzi wawili, familia yenye usiku wa ziada. Anayefuata ikulu zaidi kuliko mandhari anaweza kuona ni safari ndefu kwa jumba ambalo hataliingia sana.

GULU: NGOME YA PATIKO

Barabara. Hii nayo sio ya kwenda na kurudi Kampala. Toka Kampala mpaka Gulu ni zaidi ya kilomita 330, unapita Luwero kwenye mananasi, Bweyale ambako utasikia Kiswahili cha kila aina, alafu Karuma unavuka Nile maji yakichemka meupe chini, nyani wakikaa pembeni wakingoja mkono wako utoke dirishani. Usiwape kitu. Ukilala Gulu, Patiko ni kama kilomita 30 kaskazini, barabara ya udongo, saa moja hivi, na kama imenyesha usiku ongeza nyingine.

Jumba lenyewe. Ukweli usemwe, hii ndio ngome pekee kati ya hizi tatu ambayo inafanana na neno ngome. Sir Samuel Baker, msafiri Mwingereza, aliijenga 1872, alipotumwa na Khedive Ismail, mtawala wa Misri, kuja kuzuia biashara ya watumwa huku juu ya Nile, na aliikuta tayari ni kituo cha wafanyabiashara hao hao wa watumwa, alipigana nao hapo hapo. Utaona handaki lililochimbwa kuzunguka, kuta za mawe za maghala, na miamba mikubwa ambayo chini yake kuna mapango, watu walikuwa wanafungiwa humo wakingoja kutembezwa kuelekea Sudan. Mwongozaji atakuonyesha jiwe lenye alama ambazo wanasema ni za mashoka, pale walipouawa wale walioonekana hawafai kwa safari. Baada ya Baker akaja Emin Pasha, gavana mwingine wa Misri.

Mi nilienda na shemeji yangu, nyumbani kwao ni Gulu, na kitu kilichonikaa sio Baker, ni mkewe Florence. Huyu mama mwenyewe Baker alimtoa kwenye soko la watumwa huko Vidin, Bulgaria ya leo, mwaka 1859, na miaka kumi na tatu baadaye yuko Patiko kwenye kambi ya watumwa. Waacholi, watu wa huku, walimwita Anyadwe, binti wa mwezi. Nikajiuliza alikuwa anawaza nini akitazama wale wanawake wanatolewa kwenye yale mapango. Hakuna jibu pale, ila ukae kwenye mwamba dakika tano ujiulize mwenyewe.

Mandhari. Nchi ya Acholi ni tofauti na kijani cha Tooro, ni tambarare pana ya nyasi na miti ya moyao, ile ya shea, na miamba iliyojitokeza peke yake. Ukipanda juu ya mwamba unaona mbali sana na husikii gari hata moja. Msimu wa kiangazi ni kahawia na vumbi, baada ya mvua ni kijani, barabara tu ndio inakuwa mbaya.

Mwongozaji. Wachache, na usipopiga simu kabla unaweza kukuta hakuna mtu. Ila yule mzee aliyetutembeza alitusimulia kwa Kiacholi na Kiswahili vikichanganyika, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya babu zake, na sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko yale popote Uganda. Gulu watu wazima wengi Kiswahili wanakielewa.

Miguu na mfuko. Unapanda miamba, kwa hiyo viatu vya kushika. Mtoto mdogo atashikwa mkono muda wote, mzee wa goti abaki chini kwenye kivuli, na kivuli ni kichache, bebeni maji. Kiingilio sio tatizo, tatizo ni gari la kufika. Chakula kula Gulu mjini, usiondoke bila malakwang, ile mboga chachu iliyopikwa na odii, ile siagi ya ufuta na karanga.

Inamfaa nani: anayetaka kujua historia ya utumwa upande huu wa bara, maana watu wa pwani wanaijua ya Zanzibar na Bagamoyo, ila hii ya kwenda kaskazini Khartoum wengi hawajawahi kuisikia. Haifai kwa siku ya furaha furaha na watoto wadogo.

Kuhusu Hoima

Najua mtu wa Bunyoro ataniuliza mbona nimewaruka. Makaburi ya Mparo karibu na Hoima, alipozikwa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ni mahali pa heshima kubwa, na ni karibu na Kampala kuliko hizo mbili, kama kilomita 200. Sijaiweka kwa sababu sijaitembea na mwongozaji, nilipita tu. Ila kwa wanaokuja Jinja: Kabalega baada ya kupelekwa uhamishoni Seychelles 1899 alifia Jinja 1923 akiwa njiani anarudi kwao, kwenye kilima cha Mpumudde. Mi nimekulia Walukuba, tulikuwa tunacheza mpira karibu na huko na hakuna aliyetuambia.

Sasa kwa hali yako

Kama una siku moja tu na unalala Kampala au Entebbe, nenda Mengo na Kasubi, ongeza Buddo jioni kama unataka migomba. Usikubali mtu akuuzie Fort Portal ya kwenda na kurudi, hata akikwambia dereva wake anakimbia sana, tena hasa akikwambia hivyo.

Kama una usiku mmoja wa kulala nje na mko kundi, na kati yenu wapo watoto au mtu anayependa kupiga picha, Fort Portal, mfike jioni, mwamke mapema mwende maziwani na milima kwanza, ikulu muiache mpaka saa nne wingu likishafunga, pango kabla ya lanchi.

Kama una usiku mmoja na mko watu wazima wenye miguu mizuri, na mnataka kitu cha kuongea njia nzima ya kurudi, Gulu. Na kama mnaendelea mbuga ya Murchison, Patiko inaingia vizuri kwenye njia hiyo, kuliko kuifuata peke yake.

Kama una mzee asiyeweza ngazi wala mawe, Kampala kwanza, Fort Portal ya pili mkiacha pango. Kama ni wiki za mvua kubwa, Aprili na Mei hivi, au Oktoba na Novemba, Patiko na njia za maziwani zinachosha, Kampala haina shida sana zaidi ya jamu kuongezeka.

Na binamu yangu? Nimemwambia Kampala, kwa sababu ya mama mkwe na kwa sababu ya harusi. Wataanzia Bulange saa tatu, nimeshaongea na kijana mmoja wa Mengo anayejua Kiswahili, na mama nimemwambia abebe leso mbili, moja ya Kasubi na moja ya kukalia chini ya mti wengine wakiwa handakini.